Mazishi ya Viluwiluwi Mkuyuni

Dada Rose, shikamoo. Huku Mwanza sijambo, nanenepa kwa sato.

Kazi yetu ni kuchungulia maji yaliyotuama, tujue mbu wa dengue wamefika wapi. Jana tulikuta viluwiluwi kwenye bakuli la maji ya baraka, mlangoni mwa kanisa. Katekista akatukataza kuyamwaga mtaroni: "Maji yamebarikiwa, basi na waliomo wamebarikiwa!" Ikabidi tuchimbe shimo, tuyamwage humo, tuvue kofia na kuimba wimbo wa mazishi. Kwenye "Amina" mbu akaniuma shingoni. Nadhani alikuwa mfiwa.

Nimewakumbuka mno. Mwambie shemeji amwage maji ya kwenye yale matairi ya mtumba anayoagiza Dubai, watoto wasije wakaugua. Viluwiluwi wa kwenu hawajabarikiwa. Msiwaimbie.

Mdogo wako,
Masanja