Taa Iliyokataa Kuzimika

Majimbo,
Embu.
16 Juni 2018

Mpendwa kaka Kiambi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini joto la Doha halijakumaliza, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi tu wazima. Mama yuko hapa kwangu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya kliniki ya macho. Anakula vizuri, na chai yangu anaikosoa vizuri zaidi. Kule Kibirichia mvua imenyesha na waru, vile viazi vyetu, zimeshika. Barua hii nampa Suleiman, mtoto wa yule muuza nyama wetu, anayekuja huko kazini.

Uliniuliza habari ya gari kwenye simu, laini ikakatika. Basi kaa chini nikueleze.

Mwezi wa tatu mimi na shemeji yako Njagi tulikuwa tunatoka Kibirichia kumwona Mama. Ukungu ulikuwa mzito, na mbele yetu lori la kabichi lilikuwa limesimama barabarani bila taa. Njagi alikanyaga breki, lakini tukaligonga. Zile eabegi, mifuko ya hewa ya kumkinga mtu, zikafumuka kwa kishindo, ya kwake kutoka kwenye usukani na yangu kutoka kwenye deshibodi, tukajaa unga mweupe kama watu waliolala kwenye kinu cha posho. Njagi alishika shavu, akanigeukia polepole, akauliza, "Mama Wawira, sasa umenipiga kwa nini?"

Kabichi zilikuwa bado zinadondoka kwenye boneti. Tulitoka salama, namshukuru Mungu. Miwani yake tu ndiyo ilivunjika.

Njagi alisisitiza gari livutwe hadi hapa Embu kwa Runji, fundi wa kunyoosha bodi anayeimba naye kwaya. Likarudi linang'aa hata majirani wakadhani tumenunua lingine. Lakini ukiliwasha, taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka na kubaki hapo: picha ya mtu ameketi na duara kubwa mbele ya tumbo.

Mama alipoiona mara ya kwanza aliikaribia kwa jicho moja, akasema huyo ni mwanamke mjamzito na gari linatuambia jambo. Jioni hiyo alimtazama Wawira wetu kuanzia kichwani hadi tumboni, mtoto akashindwa kumaliza chapati. Ilibidi nimweleze Mama kwamba hiyo ni taa ya eabegi. Alisema sawa, lakini siku tatu nzima aliendelea kumpa Wawira uji.

Tulimrudia Runji. Aliitazama taa akiwa na huruma kama daktari. "Gari limepata mshtuko," akasema. "Bado linakumbuka ajali. Mlipatie muda, litasahau." Wiki mbili zikapita, halikusahau. Tukarudi, sasa akasema anaweza kuing'oa balbu yenyewe, ili isitusumbue macho.

Njagi alikuwa tayari kukubali. Mimi nikasema ukimziba mtoto mdomo hujamponya tumbo. Tangu siku hiyo nikakataa kuketi mbele, na Mama nikamkataza pia, ingawa unajua anavyopenda kiti cha mbele ili watu wamwone akipita. Tukawa tunakaa nyuma, sisi wawili, na mikoba yetu.

Mume wangu alivumilia hadi Jumapili moja. Tuliposhuka kanisani, mzee Ngari alimpita Njagi kwenye usukani, akaja kunisalimia mimi kwa mikono miwili, kisha akaniuliza kama dereva wangu anaweza kumpeleka mjini baadaye. Kesho yake asubuhi Njagi alisema, "Twende tukaipime hiyo taa."

Tulienda na Mama kwa Mwanamisi, fundi wa umeme wa magari. Huyo mama anaongea bila kituo, na kabla hajafungua boneti tulikuwa tumejua makosa yote ya wifi zake. Alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akaisoma, akasema makosa ni zaidi ya moja. Chini ya kiti changu alikuta soketi ya njano imeachwa bila kuunganishwa. Akaichomeka, lakini taa ikabaki.

"Basi hilo moja limetoka, mengine tutaona," Njagi akasema, akichukua funguo.

"Baba, rudisha funguo," Mwanamisi akamwambia. Alifungua waya wa betri, akatuamuru tungoje umeme uishe kabisa, kwa sababu vitu hivyo vikichokorwa vinaweza kumlipukia mtu usoni. Kwa mara ya kwanza alinyamaza. Kisha akafungua kifuniko cha usukani, akatia vidole, akavuta.

Kaka, kilitoka kipande cha godoro.

Alikishika juu tukitazame wote. Akaenda upande wangu, akafungua deshibodi. Huko hakukuwa na kitu, ni shimo tupu. Mume wangu aliwekewa godoro, mimi hata godoro sikustahili. Nilicheka hadi nikashika mlango, halafu nikakumbuka Njagi amekuwa akienda Meru na kurudi kila wiki na kitu hicho kifuani, kicheko kikakauka.

Runji aliitwa. Alikiangalia kile kipande, akasema kwa upole, "Lakini hiyo nayo ni laini."

Unamjua Njagi, hapandishi sauti. Alimfungulia Runji mlango wa dereva. "Keti hapo," akasema. "Mkeo tumwite aketi pale. Halafu nitafute lori niwasukume mligonge." Runji hakuketi. Aliinamisha kichwa, akaomba msamaha, kwanza kwa Njagi, kisha kwangu, na mwisho kwa Mama, ambaye alimwambia arudie kwa sauti.

Alileta eabegi mpya zote mbili, na Mwanamisi akazifunga mwenyewe. Akabadilisha pia kisanduku kinachohifadhi habari ya ajali. Alisema hapo Runji hakukosea, gari kweli lilikuwa linakumbuka. Njagi akawasha. Yule mtu mwekundu akatokea kidogo, akazimika.

Kisha Njagi akashuka, akazunguka gari kwa heshima zote aje anifungulie mlango wa mbele. Akaufungua. Mama alikuwa tayari ameketi humo, mkanda umefungwa, mkoba magotini, akitazama barabara.

"Twende," akasema. "Jua linawaka."

Kwa hiyo, kaka, bado nakaa nyuma.

Nisalimie wifi Kagure na watoto. Wawira anakusalimu, na Njagi anasema upunguze mwendo huko. Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina lako lote. Mungu akufunike na mkono wake, akurudishe mzima hadi mlangoni petu.

Ni mimi dada yako, nisiyepungukiwa upendo kwako,
Kathure