Nani Anakuamsha Asubuhi?

Mama Neema,

Tangu tulipokuzika sijaandika chochote. Leo naandika kwa sababu ya swali lako, lile ulilomwuliza kila mtu ambaye mahakama ilimweka chini ya uangalizi wako: "Nani anakuamsha asubuhi?"

Nililicheka. Nilidhani afisa wa probesheni angeanza na kosa lenyewe, au na pombe. Ukaniambia, huku ukikaza kifuniko cha chupa yako ya chai, kwamba wengi hawarudishwi mahakamani kwa uovu mpya. Hulala, wakakosa miadi, wakakosa kazi za jamii walizopangiwa. "Nikijua nani anamwamsha, Mwalimu, najua nimpigie nani simu."

Chupa hiyo bado iko juu ya friji. Uliibeba katika kila nyumba uliyotumwa, katika jiji hili la ugenini, kuanzia mtaa wa Villawood hadi huku kwetu Penrith. Sheria ya kazi haikukuruhusu kupokea kitu, na malezi yako hayakukuruhusu kumwacha mwenyeji anywe chai peke yake. Basi ulimimina yako, mkanywa pamoja.

Unamkumbuka Ezekieli, jirani yetu Mrundi, dereva wa malori bandarini Port Botany. Mkewe aliondoka na watoto. Mwaka huu alikamatwa akiendesha gari akiwa amelewa, kwa mara ya pili, na jela ilikuwa karibu. Kabla ya hukumu, afisa alikuwa aje kwangu kuuliza habari zake, apate kumwandikia hakimu taarifa. Ezekieli akawahi kuja.

"Mwalimu, unisemee vizuri. Mwambie pombe niliacha."

Jumapili iliyotangulia alikuwa amekaa kando yangu kanisani, ananuka pombe. Siku mbili sikupata raha. Nikakumbuka jinsi ulivyomrudisha mahakamani yule mama uliyempenda, kwa kuwa alivunja masharti, kisha ukala chakula chako bila kuinua macho. Habari hiyo niliipata kwa watu kanisani. Wewe siri za watu wako hukuzileta mezani petu kamwe.

Afisa alikuja, binti wa umri wa Neema wetu. Nilimwambia kweli: hajaacha. Aliandika. Akauliza kama ana mtu yeyote wa kumsaidia. Hakuuliza swali lako, Mama Neema, lakini mimi nililijibu. Nilimwambia, "Nitamwamsha mimi."

Hakimu alimpa kifungo cha nje. Leseni imekwenda, kwa hiyo anapanda treni alfajiri kwenda kupanga mizigo ghalani. Kila Jumanne jioni anaripoti kwa yule binti, na Jumamosi anafyeka nyasi za bustani za umma. Kwa majuma mawili hakunisalimu. Alikuwa amesoma katika taarifa niliyoyasema.

Sasa nikiri jambo moja. Tangu ulipoondoka nilikuwa nikilala hadi jua lifike ukutani. Miaka yote hiyo ulinivuta blanketi ukisema, "Mwalimu, wanafunzi wanakungoja," hata baada ya mimi kustaafu, hata katika nchi hii ambamo sikuwahi kuwa na mwanafunzi hata mmoja. Nilikuwa nikikasirika. Natamani ningekasirika tena.

Siku ya kwanza nilimpigia Ezekieli saa kumi na moja kamili. "Mzee, wewe hulali?" akanung'unika. Nilimwambia anishukuru baadaye, kwa sasa aoge. Siku zilizofuata alipokea bila neno, nami nilisubiri nisikie maji ya bomba ndipo nikate.

Jana nilipitiwa na usingizi. Simu ndiyo iliyoniamsha, saa kumi na moja na robo. Nilisikia kelele za stesheni, kisha sauti yake:

"Mwalimu, umeamka?"

Nilimjibu kwamba nimeamka, nikalivuta blanketi mimi mwenyewe, nikatoka kitandani kupitia upande wako.

Nitampigia kila siku hadi masharti yake yaishe, na baada ya hapo kama atapenda. Chupa yako nimeiosha. Jumamosi nitaijaza chai nimpelekee bustanini, kwani mimi sheria hainikatazi. Pumzika, mke wangu. Huku tumeamka.

Mumeo,
Mwalimu