Bakuli la Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Sahani imerudi kama ilivyokwenda. Ndizi moja tu imemegwa pembeni, maharage yameganda. Nimeiosha kwa hasira.

Baba mkwe yuko kwetu hapa Manzese tangu tulipomzika mkewe kule Rungwe. Anapungua, koti linampwaya mabegani. Kumwuliza siwezi. Kwa mila ya kwetu Rungwe, mkamwana hakabiliani wala hasemezani na baba mkwe. Naweka chakula mlangoni kwake, nabisha hodi, naondoka. Nyumba ya vyumba viwili, tunakwepana kutwa nzima.

Jumatano, 16 Julai

Mume wangu, Ambakisye, kaniambia huku anafunga viatu: "Mzee anataka kurudi kwake. Jumapili nimkatie tiketi."

Kwake kwa nani? Nyumba ina kufuli. Nimeunguza wali, kisha nikalia. Baba yangu mzazi simkumbuki. Huyu, nilipojifungua, alikaa nje ya dirisha kwenye manyunyu mpaka mtoto akalia, ndipo akaenda zake. Nampenda. Asiende kufa peke yake.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepita Ubungo. Kuna mama kapanga vyombo vya udongo kando ya barabara, vimefinyangwa kwa mkono huko Kyela. Nikashika bakuli moja jekundu, mdomo umepinda kidogo, alama ya kidole gumba bado ipo. Marehemu mama mkwe alikuwa akimpakulia mzee kwenye la namna hii. Na mimi namlisha kwenye plastiki!

Sikubishana bei. Mimi, nisibishane bei!

Nimelisugua kwa stiliwaya na sabuni ya unga mpaka mikono ikawasha. Uji wa kesho ataunywa humo.

Ijumaa, 18 Julai

Limerudi limejaa.

Ambakisye kaja na ujumbe, anajizuia kucheka: uji una povu. Nikaonja. Sabuni tupu. Udongo umeinywa yote, sasa unaitema. Mtoto wa Rungwe mzima nimesahau kwamba chombo kipya cha udongo hakiguswi na sabuni, hutiwa uji mwepesi kwanza. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi ni mtumwa wa stiliwaya.

Aibu. Nilitaka akae, nimemfukuza kabisa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi kutoka sokoni, nikakuta mtu jikoni kwangu. Mzee! Kachuchumaa kwenye jiko la mkaa. Anatia uji wa moto kwenye bakuli, anauacha, anamwaga, anatia tena. Nikarudi nyuma, nikajibanza ukutani. Alijua nipo. Hakugeuka, akasema na kuku wa jirani:

"Wewe kuku, mwambie mkamwana wangu asilitupe. Udongo ukipewa uji unasahau sabuni. Marehemu naye alinilisha povu, tulipooana."

Nikacheka, kitenge mdomoni. Naye akacheka. Sijamsikia akicheka tangu msibani.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada Ambakisye alitoka kwenda kukata tiketi. Karudi na mabakuli mawili ya udongo. Mzee ndiye aliyemgeuzia njia, kamtuma mabakuli badala ya tiketi: eti hawezi kula kwenye chombo kizuri peke yake wakati wenye nyumba wanakula kwenye plastiki. Habari za safari hazijatajwa, na mimi sijauliza.

Mchana nimepika kande. Bakuli langu bado jipya, linanukia udongo mbichi. Nimekula jikoni, yeye chumbani kwake, ukuta katikati. Nikasikia kijiko chake kinakwangua bakuli mpaka chini.