Ukurasa Wenye Alama ya Moto

Kitangari, Newala
9 Julai 1996

Makomredi wa jembe na panga, wanachama wenzangu wa kikundi cha wakulima wa korosho Nanganga, na mbele yenu wote mwenyekiti wetu, kaka yangu Pancras,

Shikamoo, kaka. Natumaini mgongo wa wifi Bertila umepata nafuu, na kwamba Edson amerudi shuleni. Mimi mwili ni mzima. Dada Maria amenipokea vizuri. Kila alfajiri anafuata maji, nami nafuatana naye na ndoo yangu, kwa kuwa usingizi sina.

Mlinituma niandike kwa Kiingereza karatasi anayoidai meneja Cuthbert wa uwanja wa gofu, isemayo kwamba marehemu Bonifasi aliwasha moto kwa sigara yake, ili mkishaisaini tuendelee kuazimwa trekta na mashine. Mlisema mimi ndiye msomi wenu. Siku tano nimeishika kalamu. Karatasi hiyo sikuiandika; nimeandika barua hii, nawe kaka nakuomba uisome mkutanoni yote, bila kuruka mstari.

Mnakumbuka shamba la umma lilivyouzwa. Tuliambiwa soko huria limekuja kutukomboa, na ukombozi wenyewe ulianza kwa kung'oa mikorosho ya bondeni ili zipandwe nyasi za uwanja wa gofu. Mama Faudhia alikwenda kuzitazama, akarudi akisema ameona nyasi ambazo mbuzi haruhusiwi kuzila na mtu hawezi kuzipika, lakini zinakula mbolea kuliko watoto wake wanavyokula ugali. Tulicheka sana. Mimi, chuo kikiwa kimefungwa baada ya mgomo wetu, nilipanda juu ya benchi pale ghalani nikasema kwamba njia yetu ya bondeni haitatwaliwa bure, na kwamba mgongo wa mkulima haukuumbwa kubeba mashine ya kupulizia salfa kama punda. Niliapa kuwa msimu huu huu tungepuliza kwa trekta. Mlipiga makofi. Bonifasi aliniita Mheshimiwa Waziri, akaniuliza kama waziri wa namna yangu anaruhusiwa kutembea na viatu vilivyotoboka.

Makubaliano mnayajua. Tulimwachia Cuthbert njia, naye akakubali kwamba mashine atakayonunua ya kutawanyia mbolea kwenye nyasi zake, ile ifungwayo nyuma ya trekta, tuiazime kuanzia Juni hadi Agosti, tupulizie unga wa salfa mikorosho yetu, ambayo ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeikausha maua misimu miwili. Kwa kuwa nasoma kilimo, mlinipa heshima ya kwenda naye Mtwara kuchagua.

Kwa muuzaji tulikuta mashine moja tu, yenye pipa kubwa na sahani ya chuma chini yake, inayozunguka na kurusha mbolea pande zote. Cuthbert alipanga trei uani, akapitisha trekta, kisha akapima chembe za mbolea trei kwa trei. Alinieleza kwamba nyasi za gofu zikipata mbolea isiyo sawa huota mistari ya njano na kijani kama shuka. Mashine ile ilikuwa sawa kabisa kwa nyasi. Kwa mikorosho haikufaa, maana hurusha chini, na ua la mkorosho liko juu. Ya pili tuliiona katika picha tu: ilikuwa na feni na bomba refu, ikiweza kutawanya mbolea na pia kupuliza unga juu. Hiyo ingefika Septemba.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuwasaliti. Niliwaambia kwamba Cuthbert alinilazimisha tuchukue ile ya sahani. Hakunilazimisha. Alisema nyasi zake zinaweza kusubiri hadi Septemba, akaniuliza kama ninyi mnaweza. Nilijiona nikirudi Nanganga mikono mitupu, nikalikumbuka lile benchi na makofi. Nikasema tuchukue iliyopo.

Tulipofika nyumbani nilichora bati la kupindisha unga uelekee juu, na fundi Dickson akalikata kutoka kwenye pipa la mafuta na kulichomelea juu ya sahani kama nilivyochora. Mliliita kofia ya waziri. Siku mbili lilifanya kazi. Siku ya tatu tulianza alfajiri kama desturi yetu, upepo ukiwa umelala na umande ukiwa juu ya majani. Salfa ilishika unyevu ikagandamana. Bonifasi alisimama nyuma ya trekta akiivunja kwa mti. Bati lilikuwa limelegea kwa mtikisiko, likaanza kukwaruza sahani. Wengi wenu mliusikia ule mlio. Kisha mliuona moto wa buluu, na mkakimbia moshi ule unaokaba koo. Yeye alikuwa ndani yake.

Alifariki siku ya tatu baada ya moto. Meneja alionyesha pakiti ya sigara iliyotoka mfukoni mwa Bonifasi, na neno uzembe likashika mizizi kijijini kabla matanga hayajaisha. Mjane wake, Julia, alisema pakiti ile mumewe aliwekea pini za akiba za mashine. Hakuna aliyemsikiliza. Nasikia sasa wapo wanaotaka jina lake lifutwe kikundini, asipate salfa wala sauti, na kwamba hata kisimani wanamwachia nafasi kama mwenye ukoma.

Makomredi, Bonifasi hakuwasha moto. Jioni moja kabla ya siku ya kwanza ya kupuliza alikuja kwangu na kitabu cha mashine. Alikuwa amekipekua picha kwa picha. Aliweka kidole kwenye ukurasa wenye alama ya moto, akasema, kwa utani wake ule ule, kwamba Mheshimiwa amsomee sheria hii kabla hajafungwa. Niliusoma kimoyomoyo. Ulisema kwamba salfa isitiwe kamwe ndani ya mashine hii, kwa kuwa unga wake huwaka kwa cheche ndogo ya chuma. Trekta lilikuwa limeshafika. Ninyi mlikuwa mmeshachinja mbuzi. Nilimwambia unasema mashine isiachwe juani. Akanishukuru. Na siku zote mbili alipomaliza kazi aliifunika kwa maturubai, aikinge na jua.

Nimewahutubia juu ya wanyonyaji mchana kutwa, na sikusema uongo juu yao. Lakini mtu aliyemuua Bonifasi alisimama kwenye benchi lenu, na mkampigia makofi.

Msiisaini karatasi ya meneja. Mashine wakiichukua, waichukue. Wifi Bertila na mama Faudhia wapokee salamu zangu, kama bado watazitaka. Dickson mwambieni kazi yake haikuwa na kosa. Mchoro ulikuwa wangu. Kwa Julia sitathubutu kutuma salamu kwa karatasi.

Nitakuja mwenyewe, na kitabu kile ninacho. Nitausoma ukurasa ule kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimakonde, mbele ya yeyote mtakayemwita, hata awe polisi. Benchi la mbele mpeni Julia. Mimi nitasimama chini. Mkutano ni Jumamosi, tarehe 13, ghalani Nanganga, saa tatu kamili asubuhi.

Mdogo wako,
Oliva