Fyuzi Iliyokataa Kulia

Baba Tusekile,

Usishangae mimi wa darasa la saba kukuandikia. Nina habari ya mwanao, na hapa sokoni Tunduma nimeshaieleza mpaka wanawake wa Nakonde wanaovuka mpaka kununua mchele kwangu wananikwepa. Umebaki wewe.

Tusekile yuko jeshini, anapima fyuzi. Si ile kamba uliyokuwa ukiiwasha duarani, kwenye shimo la dhahabu kule Mkwajuni. Hiki ni kidude kinachokaa kichwani mwa kombora, ndicho kinachoamua lilipuke au litulie. Kazi ya mwanao ni kukitesa. Anakidondosha toka juu, anakioka, anakigandisha, anakitikisa kwenye mashine kama mzigo wa lori kwenye barabara mbovu. Katika mateso yote hayo kisilipuke. Halafu kinapelekwa uwanjani, kinaamriwa, na hapo lazima kilipuke. Mengine haniambii, siri ya kazi. Nani mwingine soko hili amezaa hivyo? Anitajie.

Juzi ilikuwa siku ya uwanjani. Simu wanaziacha getini. Alikuwa ameniambia, "Mama, mchana haupiti, nitakupigia."

Mchana ukapita. Jua likaanza kushuka upande wa Zambia. Napiga, haipatikani. Napima mchele, nasahau nimeshapima. Mteja ananiambia, "Mama Tuse, huo mfuko si wangu." Mimi nakuona wewe tu. Siku ile tundu moja la baruti lilipokaa kimya bila kulipuka, wenzako wakasema duara lilale mpaka kesho, mwenye duara akazidi kuhimiza. Ukasema, "Nachungulia tu." Waliniletea maneno hayo pamoja na kofia yako. Nachungulia tu. Mume wangu.

Simu ikaita giza limeshaingia. Sauti imemkauka. Fyuzi moja ilikataa kulia. Wageni wakubwa wanaangalia saa zao, na askari mmoja kashasimama aende kuitazama. Mwanao akamwambia, "Kaa chini." Akawakalisha wote handakini, na vyeo vyao, mpaka muda wa kusubiri ulipoisha, ndipo wakailipua kwa mbali.

"Wamenuna, Mama. Hata chakula hawakula."

Nikamwambia wanune. Nikacheka, halafu nikakaa juu ya gunia nikalia, nikalia vibaya. Kumbe saa zile zilizokuwa zinaniua ndizo zilizokuwa zinamweka hai.

Nikamuuliza ujasiri wa kuwakatalia wakubwa kautoa wapi. Akasema, "Kwa Baba." Yeye ambaye siku tunakuzika alikuwa mgongoni kwangu, amelala.

Basi pumzika. Mahindi yakishavunwa nakuja Ikinga kulipalilia kaburi lako, na Tusekile nitakuja naye umwone alivyojaa kwenye sare. Na nakuahidi hili: siku nyingine akichelewa kupiga, nitakaa na mchele wangu nisubiri, hata kukikucha. Wa kumharakisha mtoto huyu sitakuwa mimi.

Mkeo,
Mama Tusekile