Wembe wa Wifi

Handeni mjini,
Jumatatu.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Vipi baridi ya Vugiri, na mama, magoti yanamruhusu kufika shambani? Mimi ni mzima, kama mzima ni mtu anayekula na kulala. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu siwezi kuishika. Mume wangu huniwekea sauti kubwa mezani, na wifi, dada yake, hukaa papo hapo akimenya vitunguu na kusikiliza. Haya nimeyaandika kwa vidole viwili, leo siku ya tatu. Nitampa yule mama wa huko anayeleta viazi sokoni akufikishie.

Tangu karai la mafuta ya maandazi linimwagikie mikononi, mengi nimeyazoea. Dawa ya meno naifungua kwa meno, mswaki naubana kwa viganja. Kanga siwezi kuikaza kiunoni. Ilishanivuka mbele ya vijana wa bodaboda, wakageukia pembeni kwa adabu, na adabu yao iliniuma kuliko kama wangecheka. Siku zangu zikifika wifi ndiye hunisaidia, huku akisonya. Nalia dada, sikufichi.

Lakini nywele nilikuwa nachana mwenyewe! Nilifunga kitana kwenye mkono kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikawa nachana taratibu, saa nzima, mpaka bega linawaka moto. Wifi akaona nachelewesha kazi za nyumba. Wiki mbili zilizopita akaja na wembe.

"Nakupunguzia kazi, wifi. Tulia."

Nikamtazama mume wangu aniokoe. Akasema, "Si zitaota tu." Mikono ya kumsukuma mtu sina. Nikanyolewa hivyo hivyo, machozi yakinidondokea mapajani.

Na unajua mwanamke akionekana na kipara kipya watu huwaza nini. Juzi sokoni muuza dagaa mmoja aliacha kupima, akanishika bega.

"Jamani, pole mwenzangu. Umefiwa na nani?"

"Mume wangu," nikamjibu.

Akaanza kulia kweli, masikini. Mume wangu alikuwa nyuma yangu na kikapu. "Mama, mimi huyu hapa," akasema. Yule mama akamwangalia, akaniangalia mimi, akafuta machozi, akarudi kwenye dagaa wake. Mume wangu mpaka leo ananuna, eti nimemwaibisha. Sijamwomba radhi.

Sasa wifi anasema nywele zimeanza kuchomoza, Jumamosi atanipitishia wembe tena. Nimemwambia sitaki. Akacheka, kaka yake akageukia simu yake. Dada, sikuombi unichukue, wala huruma siitaki, imenitosha. Njoo Ijumaa, ukae nao, uniulize mbele yao nataka kichwa changu kiweje. Tangu niungue, humu ndani hakuna aliyeniuliza kitu.

Msalimie shemeji, na binti yako mkubwa mwambie mawifi awachunguze kabla hajaolewa. Mama msalimie sana, ila kipara usimtajie, atapanda gari siku hiyo hiyo akilia.

Usipofika, Jumamosi nitakaa mlangoni nipige mayowe mpaka mtaa ujae. Wakiuliza ni msiba wa nani, safari hii nitasema ni wangu.

Mdogo wako,
Rehema