Kamba za Semeni Sikuzivuta

Mpendwa mshauri Bi Mwanaheri, naomba msaada wako upesi kabla mpunga wangu haujashika maziwa na ndege kuushukia, maana nikichelewa nitapoteza kimoja kati ya viwili, mpunga au mtoto. Safu yako nimeisoma kwenye kipande cha gazeti nilichofungiwa vitumbua pale Ikwiriri, nikaona wewe husemi kwa kuficha.

Mimi ni mkulima wa huku Mkongo, konde langu limepakana na la jirani yangu Semeni, na kila mmoja wetu ana dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kuamia ndege, na kamba zenye makopo zinazopita katikati ya mpunga, ukivuta makopo yanalia ndege wanaruka. Desturi yetu, mwenzako akipata dharura unamvutia na kamba zake, hakuna anayekataa, hata kama mmegombana. Sasa miaka mitatu iliyopita, hii mitumba ilipoanza kumwagika minadani, nilichagua gauni la maua ya manjano nikaliweka kando nikamtafute mume wangu Mtoro anipe pesa, kurudi nikakuta Semeni kalinunua, na akalivaa kwenye arusi ya ndugu yangu mwenyewe, nikamnunia moyoni, yeye hana habari. Mwezi ule ule mwanawe Nurdini akashikwa na homa kali, Semeni akaniambia, "Shoga, namkimbiza mtoto hospitali Mchukwi, niangalizie konde." Nikamwambia, "Nenda, mimi nipo."

Bi Mwanaheri, sikuvuta. Nilivuta zangu tu, na ndege wakiruka kwangu wanatua kwake nami nawaona, siku ya kwanza nikasema acha wale kidogo ajifunze, siku ya pili nikaona wameshakula sana nianzie wapi, siku ya sita akarudi na mtoto wake mzima mgongoni akakuta makapi matupu. Nikamwambia nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Akaniambia, "Pole, shoga, kwelea wa mwaka huu hawana adabu." Mwaka ule wanawe walikula ming'oko, ile mizizi ya porini, mpaka wakakonda, nikampelekea pishi moja ya mchele, akaipokea kwa mikono miwili akaniombea dua Mungu anizidishie. Ile dua ndiyo inayoniua.

Marehemu mama yangu alikuwa akisema malipo duniani, ahera hesabu, na tangu hapo nayaona malipo yanakuja moja moja, mwaka uliofuata mto ukafurika ukalichukua konde langu, mwaka jana Mtoro akaoa mke wa pili Ikwiriri, na sasa binti yangu Zaitun ana jipu ndani ya paja, mguu umevimba hakanyagi, mganga wa zahanati kasema apelekwe Mchukwi haraka na huenda tukalazwa wiki mbili. Semeni kasikia, akaja mwenyewe akasema, "Mpeleke mtoto, kamba zako nitavuta mimi." Nimeshindwa kumwitikia. Hii ni siku ya tano namkanda mtoto kwa maji ya moto, kwa sababu naogopa, nikimwachia konde atanilipa kama nilivyomfanyia, na nikimwambia kweli atanitangaza kijiji kizima. Nijute mpaka lini, na haya malipo yataisha lini?

Mwenye Kujuta, Mkongo

JIBU

Mwenye Kujuta, barua yako imenifikia baada ya siku nane. Nimemwomba mhariri aiweke pembeni barua ya bwana mmoja anayelalamikia ndevu za mkwewe ili yako itoke leo, na namwomba Mungu uwe umeshaondoka. Kama bado uko kwenye dungu lako, kunja gazeti, mbebe mtoto, nenda. Mengine utayasoma ukingojea gari.

Umembeba? Haya. Nimekuonea huruma, mdogo wangu, kwa sababu wengi waliofanya kama wewe wanalala usingizi wao bila wasiwasi. Lakini umeniudhi pia. Mafuriko yale yalichukua makonde mangapi bonde zima? Wote hao waliacha kuvuta kamba za Semeni? Mtoro kuoa, kamuulize Mtoro, usiwasingizie kwelea. Na Mungu hatumi jipu kwa binti ili kumfunza mama yake adabu. Ukishikilia hivyo utamkanda mpaka mguu uoze, halafu utasema ni malipo, kumbe ni wewe.

Malipo yapo, siyakatai. Ya kwako ulianza kuyapata siku ile ulipopewa pole. Mtu anakuja kukusaidia, wewe unaona adui, kwa sababu unampima kwa pishi yako mwenyewe. Miaka mitatu umekaa na jirani mwema usiweze kumfaidi. Hayo hayaishi kwa kungojea yaishe.

Tena kuna jambo naona hukulifikiria. Semeni kakulia kwenye dungu. Alirudi akakuta konde lako limejaa na lake, hatua chache tu, limebaki makapi, na viganja unavyodai vimechubuka ni laini. Unadhani hakujua? Mimi naamini alijua siku ile ile, akachagua kukuombea dua. Mimi nisingeweza. Huyo ndiye unayemwogopa.

Basi kabla gari halijafika mpitie kwanza, umwambie hivi na usipambe: "Semeni, mwaka ule sikukuvutia. Nilikasirikia gauni, nikakudanganya." Usiutaje mguu wa mtoto, asije akakusamehe kwa kukuonea huruma. Usilie mpaka kazi ya kubembeleza iwe yake. Sema kabla hujamwachia kamba, ili akitaka kukataa akatae. Utakachovuna, nusu ni ya wanawe. Akiirudisha, iache barazani kwake uende zako. Na msimu ujao, awe na dharura asiwe nayo, vuta za kwake kwanza ndipo uvute zako. Akikutangaza, vumilia, maana atakuwa amesema kweli.

Na akikataa kukuamia usinung'unike, ondoka hivyo hivyo na mtoto. Mpunga ukiliwa mwaka huu, mwakani utapanda tena. Mguu hauna mwakani.